Kabla Hujamchapa Mtoto kwa Ajili ya Rimoti



Majuma mawili yaliyopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na wadudu. Leo natoka ghalani naingia sebuleni, nitazame kitu kidogo chenye urefu wa kiganja tu, lakini chaweza kuleta ugomvi mkubwa kuliko chumvi iliyozidi mchuzini. Nasema juu ya rimoti ya king'amuzi, yaani ya kile chombo kinachopokea picha kutoka dishini na kuzipeleka katika televisheni. Najua wako watakaosema, "Huyu bwana ameishiwa maneno." Ngojeni kwanza niwasimulie kisa kilichotokea katika kijiji ninachokijua.

Jumamosi moja jioni baba mmoja alirudi kutoka shambani, akawasha televisheni apate kusikia taarifa ya habari. Televisheni ikawaka, king'amuzi nacho kikawaka, lakini kila alipobonyeza rimoti, wapi! Akauliza nani aliyeshinda nyumbani siku ile. Alikuwa kijana wake mdogo wa miaka tisa. "Basi ni wewe uliyeiangusha." Mtoto akakana, akachapwa. Akakana tena, akachapwa kwa sababu ya kukana.

Jumatatu baba akafunga king'amuzi na rimoti yake katika mfuko, akapanda pikipiki mpaka mjini kwa fundi. Fundi akakaa navyo siku mbili. Aliporudi kuvichukua aliambiwa kwamba jicho la ndani lilikuwa limekufa, nalo limebadilishwa, gharama yake shilingi 25,000. Baba akalipa fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya sare za shule. Nyumbani kila kitu kikafanya kazi vizuri, na kila mtu akamsifu fundi.

Jumamosi iliyofuata mama alifua, akafagia sebule, akarudisha juu ya king'amuzi kitambaa chake cha kufuma, kile chenye pindo refu, ambacho kilikuwa kwenye maji ya sabuni tangu katikati ya juma. Jioni rimoti ikafa tena. Mtoto siku hiyo alikuwa kwa bibi yake tangu asubuhi, hakuna wa kusingiziwa. Mama ndiye aliyelijua jambo. Aliinua pindo la kitambaa atazame kama taa ya king'amuzi inawaka, na wakati huohuo mumewe alikuwa akibonyeza kwa hasira. Picha ikabadilika. Akashusha pindo, picha ikagoma. Akaliinua, ikakubali.

Baba yule, namsifu kwa hili, alimwita mtoto akamwambia mbele ya ndugu zake, "Siku ile nilikukosea." Fundi simtaji wala mji wake simtaji. Kisa hiki ndicho kilichonifanya nishike kalamu, maana nimeuliza huku na huku na nimeona kwamba nyumba nyingi zinalipia matengenezo ya rimoti isiyo na ugonjwa wowote.

Sasa tuulize: rimoti husemaje na king'amuzi? Nyingi zilizomo vijijini mwetu ni tochi tu. Tazama kichwani mwake, utaona kitaa kidogo kama punje ya harage. Ukibonyeza, kitaa kile hutoa mwanga uitwao infraredi, ambao jicho la mtu haliuoni. Mbele ya king'amuzi, nyuma ya kioo cheusi, liko jicho linaloungoja mwanga huo. Kwa kuwa jua nalo lina mwanga wa namna hiyo, na moto wa jikoni pia, wenye kutengeneza vyombo hivi waliufanya mwanga wa rimoti uwake na kuzimika upesi sana, mara nyingi kiasi cha mara 38,000 kwa sekunde moja, ili jicho litambue kwamba huyu ni rimoti na si jua. Juu ya kupepesa huko huwekwa maneno: kwanza jina la chombo kinachoitwa, kisha amri yenyewe, kama vile "ongeza sauti" au "nenda stesheni ya tatu". Chombo kisichoitwa kwa jina lake hukaa kimya. Ndiyo sababu rimoti ya televisheni haiwezi kuamuru king'amuzi, hata ukibonyeza mpaka kidole kiume.

Basi kwa kuwa ni tochi, kila kinachozuia tochi huizuia nayo. Kitambaa cha kufuma ni cha kwanza, na akina mama wasinielewe vibaya: vitambaa ni pambo zuri la nyumba, lakini pindo lisifike usoni mwa king'amuzi. Kadhalika kipo chombo cha maua, picha ya harusi, na vumbi la kiangazi lililoganda juu ya kioo cheusi. Jua la jioni likiingia dirishani na kupiga moja kwa moja juu ya jicho, rimoti itasikika kwa shida mpaka pazia lifungwe. Ile mifuko ya nailoni tunayozivika rimoti zisichafuke haizuii mwanga ikiwa ni myeupe na safi, ila baada ya mwaka huwa ya kahawia kwa mafuta ya mikono. Ibadilisheni.

Njia ya kujua kama rimoti ni nzima haina gharama. Chukua simu yenye kamera, fungua kamera kama mtu anayetaka kupiga picha, elekeza kichwa cha rimoti kwenye kioo cha kamera, bonyeza kitufe chochote huku ukitazama katika simu. Kamera nyingi huuona mwanga usiouona wewe. Utaona kitaa kikipepesa kwa rangi nyeupe au ya zambarau. Simu nyingine, kamera yake ya nyuma imewekewa kizuizi cha mwanga huo. Basi jaribu ile ya mbele, ya kujipigia picha mwenyewe. Anza na rimoti nyingine unayojua ni nzima, upate kuijua kamera yako.

Asiye na simu ya kamera na atumie redio. Weka redio kwenye masafa ya kati, yaani AM, mahali pasipo na stesheni, isogeze rimoti karibu kabisa na redio, ubonyeze. Mara nyingi utasikia mkoromo kila unapobonyeza. Ukisikia, rimoti inafanya kazi ndani yake, ingawa hujajua kama kitaa chenyewe kinawaka.

Ikiwa kitaa chapepesa, acha kumlaumu mtoto na acha kumlaumu rimoti. Tatizo liko mbele ya king'amuzi au ndani yake. Ikiwa hakipepesi, kabla ya jambo lolote tazama betri.

Rimoti nyingi hula betri mbili ndogo, kila moja volti 1.5, jumla 3. Ziwekwe zote mbili mpya, za namna moja, siku moja. Kuchanganya mpya na kuukuu ni kuiharibu mpya. Tena tuna desturi mbaya ambayo nami nimekua nayo: betri ikichoka twaianika juani au twaiuma kwa meno. Ni kweli hupata nguvu kidogo kwa muda, lakini ganda lake hupasuka na maji yake ni sumu yenye kula chuma na kuunguza mdomo. Waambieni watoto. Ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye spring'i za rimoti, hayo ndiyo maji ya betri yaliyokauka. Ondoa betri, paka tone moja la maji ya limau au siki kwa pamba iliyozungushwa kwenye njiti, futa, kisha kausha kabisa kabla ya kuweka betri mpya. Nawa mikono. Mkisafiri mwezi mzima, toeni betri ndani ya rimoti.

Habari hii ya betri iliwasumbua hata waliobuni rimoti. Mwaka 1950 kampuni ya Zenith ya Chicago, huko Marekani, ilitoa rimoti iliyofungwa kwa waya mrefu kwenye televisheni, watu wakajikwaa juu ya waya. Mwaka 1955 mfanyakazi wao Eugene Polley akaleta nyingine iliyokuwa tochi hasa, yenye mwanga wa kuonekana, ya kumulika pembe nne za televisheni. Jua likiingia chumbani, televisheni ilibadilika yenyewe kama iliyopagawa. Mwaka 1956 ikatoka ile ya Robert Adler. Hiyo haikuwa na betri hata moja: ukibonyeza, nyundo ndogo iligonga kijiti cha alumini, nacho kikatoa sauti nyembamba ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia, bali televisheni iliisikia. Kwa nini walikataa betri? Wauzaji waliogopa kwamba betri ikiisha, mwenye nyumba atadhani televisheni imeharibika! Baadaye, katika miaka ya 1980, mwanga wa infraredi ulishika mahali pa nyundo, betri zikarudi, na yale waliyoyaogopa wauzaji wa Chicago ndiyo tunayoyaona katika sebule zetu.

Betri zikiwa mpya na kitaa kikikataa, tazama vitufe. Kitufe kimoja kikizama na kugandamana kwa sababu ya soda au jasho, rimoti husema neno lile moja bila kukoma, na vitufe vingine haviwezi kupata nafasi. Bonyeza kila kimoja uone kama kinarudi juu. Mwenye mkono mtulivu aweza kuifungua rimoti, kufuta upande wa ndani wa mpira kwa kitambaa safi chenye spiriti kidogo, na kuikausha kivulini. Maji na sabuni la, hata kidogo.

Sasa nije kwenye kosa ambalo huwapata hasa wazee wetu wanapobaki nyumbani peke yao. Zamani televisheni ilikuwa chombo kimoja chenye rimoti moja. Hapa Tanzania mitambo ya zamani ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kisha miji mingine, na tangu hapo karibu kila nyumba yenye televisheni ina king'amuzi pia, na rimoti mbili juu ya meza. Mzee hushika moja, hubonyeza asichokijua, na kioo huwa cheusi au cha buluu. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Televisheni imehamishwa mlango tu. Nyuma yake kuna milango kadhaa, AV, HDMI na mingineyo, na waya wa king'amuzi umeingia katika mmoja wao. Shika rimoti ya televisheni, tafuta kitufe kilichoandikwa SOURCE au INPUT, wakati mwingine AV, bonyeza pole pole, ukingoja kidogo kila mara, mpaka picha irudi. Andika kwa kalamu juu ya kipande cha plasta jina la mlango ulio sahihi, ukibandike nyuma ya rimoti. Na juu ya kila rimoti andika kwa herufi kubwa, TV au KING'AMUZI.

Liko jingine linalofanana na hilo. Baadhi ya rimoti za ving'amuzi zina vitufe viwili juu, kimoja TV na kingine STB au SAT. Hivyo ni vya kuchagua nani anayeamriwa. Mtu akigusa TV bila kujua, rimoti huanza kusema na televisheni, na king'amuzi huonekana kiziwi. Bonyeza STB au SAT mara moja, kisha jaribu tena. Namjua bibi mmoja aliyekaa bila habari tangu Jumapili mpaka Ijumaa kwa kitufe hicho kimoja, na wajukuu walikuwa shule ya bweni.

Ukilazimika kununua rimoti nyingine, usinunue kwa sura. Ziko zinazofanana kama mapacha na majina wanayoita ni tofauti. Geuza king'amuzi chini, nakili jina na namba zilizoandikwa hapo, nenda nazo dukani pamoja na rimoti iliyokufa. Kama inawezekana chukua king'amuzi chenyewe, ijaribiwe mbele yako. Rimoti ya namna hii ya mwanga haihitaji kutambulishwa kwa king'amuzi chake. Ikiwa ndiyo yake itasikika papo hapo, na muuzaji akikuambia itazoea baada ya siku mbili, rudisha fedha yako mfukoni. Tena kwa kuwa haitambulishwi, rimoti ya jirani mwenye king'amuzi kama chako itaamuru na cha kwako. Katika kibanda kimoja cha kuonyesha mpira kijana alikwenda na rimoti ya kwao mfukoni, na mpira wa penalti ulipowekwa akahamisha stesheni. Alitoka mbio.

Aina ya pili ni ngeni zaidi. Ni rimoti isemayo kwa redio, si kwa mwanga, nayo imeanza kuja pamoja na ving'amuzi vipya. Utaijuaje? Ifunike kwa blanketi zito ubonyeze. King'amuzi kikitii, hiyo ni ya redio, kwa maana redio hupita katika blanketi na mwanga haupiti. Hii ndiyo inayotaka kuoanishwa. Neno hili huwachekesha vijana wakidhani nazungumza habari za ndoa, lakini maana yake ni kuvifanya vitu viwili vipatane, na kwa kweli rimoti hii ikishaoanishwa na king'amuzi chako haitamtii wala kumwamuru wa jirani.

Kuioanisha, kwanza weka betri mpya, kwa sababu betri dhaifu hukata kazi katikati. Washa king'amuzi uache kiamke kabisa mpaka picha itokee. Kama nyumbani kuna kingine cha namna ileile, kizime kwa muda. Kaa karibu, hatua moja tu. Kisha shika pamoja vitufe viwili vilivyotajwa katika karatasi ya chombo chako, usiviachie mpaka kitaa cha rimoti kipepese au maandishi yatokee kwenye kioo. Vitufe hivyo hutofautiana kwa kila kiwanda: kwa mfano king'amuzi kiitwacho Genie cha kampuni ya DirecTV huko Marekani hutaka MUTE na ENTER vishikwe pamoja. Usijaribu hivyo kwa chombo kingine, wala usibonyeze ovyo kwa kubahatisha, maana waweza kufuta stesheni zote. Karatasi ile msiifungie vitumbua. Iwekeni pamoja na vyeti vya ubatizo na kadi za kliniki.

Rimoti ikifa kabisa na mvua imefunga njia ya kwenda mjini, geukieni king'amuzi chenyewe. Vingi vina vitufe mbele au ubavuni, vya kuwasha na vya kupanda na kushuka stesheni. Hutapata kila kitu, lakini taarifa ya habari utaipata.

Nimebakiza jambo moja ambalo ni heri lifanyike leo kuliko kesho. Rimoti nyingi za ving'amuzi zina kisehemu kidogo, pengine kimezungushiwa mstari, chenye vitufe vya televisheni na kitufe SET. Sehemu hiyo yaweza kufundishwa. Huchukua maneno kutoka rimoti ya televisheni na kuyashika, hata rimoti moja ikatosha kwa vyombo viwili. Lakini mwalimu lazima awe hai! Rimoti ya televisheni ikishakufa hakuna wa kufundisha.

Zilaze mezani rimoti zote mbili, kichwa kwa kichwa, vidole viwili au vitatu kati yake. Shika SET ya king'amuzi mpaka kitaa kiwake bila kuzimika. Bonyeza kitufe unachotaka kukifundisha, tuseme cha kuongeza sauti. Kisha bonyeza cha kuongeza sauti katika rimoti ya televisheni, ukishike kidogo. Kitaa kikipepesa, neno limeshikwa. Endelea na kingine, na mwishoni bonyeza SET. Ziko tofauti ndogo ndogo kati ya kiwanda na kiwanda, na ziko zisizofundishwa hivyo bali huandikiwa namba ya siri iliyo katika karatasi yake. Mwendo wenyewe ni huo. Wakati wa kufundisha msielekeze taa kali juu ya meza, na mtu asizitikise.

Yule baba wa kitambaa nilimweleza habari hii mwezi uliopita. Rimoti yake ya televisheni ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli, mfuniko wa betri umepotea zamani. Alimwita kijana wake wa miaka tisa wakakaa mezani, mtoto akashika moja na baba nyingine. Kuwasha, kuongeza sauti na kuhamisha mlango vilishikwa mara ya kwanza. Kupunguza sauti kuligoma mara mbili, mtoto akasema vichwa vimekaa upande, akavinyosha, na mara ya tatu kukakubali.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutapanda juu ya paa tulitazame dishi lenyewe, maana nimeulizwa na wengi kwa nini picha hukatika mvua inaponyesha.